Nywele za Kisogoni

Mtaani walimwita Vidole. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti tu. Kwa wengine wote, wateja na wasio wateja, alikuwa Vidole, maana mikono yake ikishaingia kichwani mwako, kabla hujamaliza kusimulia umbea uliokuja nao umeshasukwa na unaambiwa ujitazame kwenye kioo. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja kando ya njia iendayo stendi, chenye viti viwili vya kuzunguka, kimoja kilikwisha kugoma kuzunguka zamani. Hakuwa na kibao mlangoni. Kibao kilikuwa kichwa chake mwenyewe: mwezi huu rangi ya shaba, mwezi ujao nyekundu inayowaka kama taa ya breki, na wanawake wakimwona anapita walimfuata wakiuliza, "Hiyo umeiweka vipi, dada?"

Lakini asubuhi ile hakuna aliyetazama nywele zake. Alikuwa ameketi kliniki, chumbani kwa mshauri, magoti yamebanana, akiangalia vidonge vyake vikihesabiwa.

Mshauri alikuwa mama wa makamo, miwani imemshukia puani, sauti yake ya taratibu. Alivimwaga vidonge kwenye kisinia cha plastiki, akavisogeza viwiliviwili kwa kijiti bapa mpaka vikaisha, kisha akaanza upya, kama mtu aliyepata jibu asilolitaka. Vilikuwa sawasawa. Hakijazidi hata kimoja, wala hakijapungua.

"Vidonge vyako vimetimia," alisema.

"Vinatimia kila mara, mama."

"Ndiyo. Sasa nisikilize. Majibu ya damu yamerudi. Mwaka wa kwanza virusi vilishuka vizuri, tukafurahi. Sasa vimepanda, na vimepanda sana. Vidonge vinasema unameza, damu inasema humezi. Mimi nimwamini nani?"

"Niamini mimi. Niko mbele yako, nina mdomo."

Mshauri akavua miwani, akayafuta macho. Mbele ya meza ile walikuwa wamepita watu wa kila aina: waliotupa vidonge chooni asubuhi ya kliniki ili hesabu ikae sawa, waliogawana dawa na mchepuko asiyetaka kwenda kupima, waliomeza wiki moja na kupumzika wiki moja kama wanafunzi wenye likizo. Wote waliapa. Wote walikuwa na mdomo.

"Mwanangu, mimi si polisi. Kama kuna mtu unamficha nyumbani, kama dawa zinakuchafua tumbo, kama unasahau, niambie. Hakuna atakayekuchapa."

"Sisahau."

"Kila mtu husahau."

"Mimi sisahau!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka, na nje kwenye mabenchi mtu akaacha kukohoa ili asikie vizuri.

Haikusaidia. Aliandikiwa vipindi vya ufuasi wa dawa, akae darasani na watu waliokiri wenyewe kwamba wameruka dozi, afundishwe tangu alifu jinsi ya kumeza kidonge. Miezi mitatu, kisha damu ichukuliwe tena. Akatoka akiwa ameukunja mdomo, na njia nzima hakuitikia salamu ya mtu.

Mumewe alikuwa fundi makochi. Karakana yake ilikuwa nyuma ya soko la mbao, na kutwa nzima alizungukwa na sponji, vitambaa vya rangi za wali wa harusini na viti vilivyochunwa vikabaki mifupa. Yeye hakuwa na virusi. Alijua hali ya mkewe tangu siku za uchumba, maana Vidole alimwambia mapema, mchana kweupe, wakiwa wamekaa juu ya kochi lisilo na miguu, na alichojibu fundi ni kuuliza kama bado anataka soda. Ndivyo walivyooana. Walilala kwa kinga, na yeye alikwenda kupima kila alipotakiwa. Daktari aliwaahidi: virusi vikishuka mpaka visionekane kwenye kipimo, vikakaa hivyo, mnaweza kuanza kutafuta mtoto bila hofu. Fundi alikwisha kutengeneza kitanda kidogo cha kubembeleza, akakiegemeza ukutani, na kila mteja aliyetaka kukinunua alijibiwa kwamba kina mwenyewe.

Vidole alimweleza yote jioni ile. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakuna kidevu.

"Nikuulize kitu, usikasirike."

"Ukishasema nisikasirike, nimeshakasirika. Uliza."

"Unameza kweli?"

Vidole alimtazama. Mshauri asimwamini, sawa, ni mtu wa kazini. Lakini huyu analala naye mto mmoja. Alihisi kitu kinavunjika kifuani taratibu, kama uzi unaokatika ukiwa ndani ya msuko, huuoni kwa nje lakini mkono unajua.

"Meza wewe cha kwako leo," alisema, akamsukumia sahani ya chakula, akaenda kukaa nje.

Siku mbili hawakuzungumza ila mambo ya chumvi na kiberiti. Siku ya tatu ni Vidole aliyevunja ukimya. Alimwambia: kuanzia leo utanisimamia mwenyewe. Nitameza mbele yako, uhakikishe kwa macho yako, maana naona masikio yako yameziba. Fundi akaona aibu, akataka kukataa, lakini mkewe akamkazia jicho. Basi ikawa kila jioni, taarifa ya habari ikianza kwenye redio ya jirani, fundi anakaa kwenye kigoda kama hakimu asiyeitaka kazi yake, mkewe anakiweka kidonge ulimini, anakunywa maji, anafungua mdomo.

"Inua ulimi," fundi alisema kwa sauti ya chini, siku za mwanzo.

Aliinua.

"Na shavuni."

"Unataka na tumbo nilipasue uone?"

Baada ya hapo hakuuliza tena ya shavuni. Lakini aliendelea kukaa, jioni baada ya jioni, hata mvua ilipomkuta karakanani alikimbia na gunia kichwani ili awahi. Na darasani nako Vidole alikwenda, hakukosa kipindi. Alijua mafunzo mpaka akawa anamalizia sentensi za mwalimu, na wenzake wa benchi wakaanza kumwita mwalimu msaidizi.

Wakati huohuo mwili ulikuwa unamsaliti. Sketi zilimlegea kiunoni. Mdomoni ukaota utando mweupe. Kilichomtisha zaidi ni mikono. Msuko aliozoea kuumaliza huku akicheka ulimchukua mchana kutwa, na mteja mmoja, bibi harusi mtarajiwa, alisema kwa utani, "Vidole siku hizi vimevaa viatu vizito." Watu wakacheka. Naye akacheka, kisha akaenda nyuma ya pazia la kuoshea nywele, akafungulia maji ili asisikike.

Miezi mitatu ikaisha, damu ikachukuliwa, majibu yakarudi. Virusi vimepanda zaidi.

Safari hii fundi alikwenda naye. Alivaa shati lake la maana, akaingia chumbani kwa mshauri kabla hajakaribishwa vizuri.

"Mama, mimi nimemwona kwa macho yangu. Kila jioni. Hakuruka hata siku moja."

"Baba, nakushukuru kwa kumjali mwenzako," mshauri alisema. "Lakini waume wengi hushuhudia. Mtu anameza mbele yako, ukigeuka anakwenda kukitapika."

"Nimemsubiri mpaka amelala!"

"Basi damu inadanganya?"

"Damu siijui. Mke wangu namjua." Fundi akageuka, na hapohapo, mbele ya mgeni, akamshika Vidole mkono. "Nilipaswa kukujua tangu siku ya kwanza. Nisamehe."

Vidole hakuutoa mkono.

Mshauri akainuka, akafunga mlango, akakaa, na sauti yake ilipotoka haikuwa ile ya kila siku. Alisema alikuwa na msichana mmoja hapa, miaka ya nyuma. Mcheshi, msafi, vidonge vyake vilitimia kila mwezi kama vya Vidole. "Nilimwamini nikampitisha. Alipofariki, mama yake aliinua godoro wakakuta vidonge vimepangwa chini yake kama mahindi yaliyoanikwa. Tangu hapo, mwanangu, mimi siamini mtu mwenye vidonge vilivyotimia. Sikatai kwamba unaweza kuwa unasema kweli. Nakataa kukuzika."

"Na ukiniacha hivi unanizika vilevile," Vidole alisema. "Tena nikiwa nimetukanwa."

Maneno yale yalimwingia mshauri. Alitoka, na aliporudi alikuwa na daktari, kijana mrefu aliyependa kuegemea ukuta kama fito. Daktari aliwaeleza bila kuzunguka. Inawezekana virusi vya Vidole vimekuwa sugu, dawa anazomeza haziviwezi tena. Ikiwa hivyo, tiba ni kubadilisha dawa. Lakini kipimo cha usugu hufanywa maabara kuu tu, foleni ni ndefu, na jopo linaloruhusu lilikwisha kulirudisha ombi alilolipeleka yeye daktari kwa ajili ya Vidole, likisema mgonjwa kwanza athibitishe kwamba anafuata dawa.

"Na nathibitisha vipi zaidi ya hivi? Nizaliwe upya?"

"Kuna njia," daktari alisema. "Kuna watafiti wamekuja hapa na kipimo kipya. Dawa unayomeza inaingia kwenye damu, na damu inazilisha nywele zinapoota. Kwa hiyo unywele unabaki na dawa ndani yake. Wanakata kishungi kidogo kisogoni, karibu kabisa na ngozi, wanakipima. Ukiwa umemeza, itaonekana. Ukiwa humezi, itaonekana pia. Kumeza siku ya kliniki pekee hakusaidii, maana nywele zinaota taratibu, hazifanyi haraka kumfurahisha mtu."

Vidole akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka hivyo tangu mambo yale yaanze, na mumewe naye akaambukizwa kicheko bila kujua sababu.

"Nywele!" alisema akifuta machozi. "Daktari, mimi ni msusi! Chukueni hata leo. Chukueni zote."

Daktari aliinama, akazitazama. Zilikuwa na rangi ya zambarau mwezi ule.

"Hizi hapana," alisema. "Rangi kali na dawa za kulainisha zinaharibu kipimo. Lazima ziwe nywele zako halisi, hazijaguswa na kitu. Unyoe, uziache ziote."

Kicheko kikakatika. Yule ambaye kichwa chake ndicho kibao cha duka, aambiwe akinyoe.

Alikwenda kunyoa siku ileile, kabla moyo haujabadilika. Walisema wahenga kinyozi hajinyoi. Basi mumewe ndiye aliyeshika mashine, kwa mkono uliozoea kukata sponji, na alipomaliza alirudi nyuma akamtazama.

"Sema kitu," Vidole alimwambia.

"Kichwa kizuri. Kimekaa kama kiti cha mbao ngumu. Sikujua nimeoa umbo namna hii."

"Pumbavu wewe," alisema, na kwa mara ya kwanza katika miezi mingi alimpiga kofi la begani la mapenzi.

Mtaa haukumwachia. Wateja waliingia, wakamwona, wakasita mlangoni. Shoga yake mmoja, muuza vitenge wa duka la pili, alimuuliza kama kuna msiba. Mwingine akasema msusi asiye na nywele ni kama mpishi aliyekonda. Wateja wakapungua, kiti kilichogoma kuzunguka kikapata mwenzake wa kukaa bure. Vidole alivumilia. Aliyemuuliza alimjibu kwamba kichwa chake kimechukua likizo. Kila asubuhi alijipapasa kisogo, akahisi vile vinywele vipya, vyeusi, vya asili, vikimchoma kiganjani, na alivitunza kuliko alivyowahi kuzitunza za rangi. Havikuguswa na mafuta, wala wembe haukusogezwa karibu navyo. Aliendelea kumeza, na fundi aliendelea kukaa kwenye kigoda, ila sasa alikaa na kikombe chake cha maji, akinywa naye pamoja ili asinywe peke yake.

Siku ya kukata ilipofika, mtafiti, binti mwenye glavu na mkasi mpya, alipapasa kisogo akahangaika wapi aanzie. Vidole alimwonyesha kwa kidole, akainamisha shingo. Kikakatwa kishungi chembamba kuliko kijiti cha kiberiti, kikafungwa kwenye karatasi ya alumini, kikaenda. Kitu chepesi kiasi kile, mtu angekipuliza kikapotea. Na ndicho alichokuwa amekiwekea matumaini yake yote.

Waliitwa wiki kadhaa baadaye, asubuhi ya jua kali. Kwenye korido Vidole alimwona mshauri amesimama nje ya mlango wake, hajakaa, na mikono ameikumbatia kifuani. Akafikiri: basi, nimekwisha.

Mshauri hakungoja wafike. Aliwafuata.

"Dawa imo," alisema. "Imo tele. Mtafiti anasema katika wote aliowapima hapa, hakuna aliyekuwa na dawa nyingi kwenye nywele kuliko wewe." "Umemeza. Siku zote ulikuwa unameza, na mimi nikakukalisha darasani kama mtoto mtukutu."

Vidole alitamani kusema maneno aliyoyapanga miezi yote ile, maneno makali, yaliyonolewa vizuri. Hayakuja. Kilichokuja ni kwamba alimvuta yule mama, wakakumbatiana katikati ya korido, na watu wa mabenchini wakatazama, wengine wakifuta macho bila kujua wanalilia nini. Fundi alisimama pembeni akizungusha kofia mkononi, akimwambia kila aliyepita, "Ni mke wangu huyu. Huyu hapa."

Daktari hakulala na jambo lile. Kwa majibu yale mkononi, jopo halikuwa tena na neno la kurudisha. Mshauri mwenyewe alipanda gari asubuhi, akaenda kukaa mlangoni kwao mpaka ruhusa ikatolewa. Kipimo cha usugu kikafanywa, na kikasema waziwazi: virusi vya Vidole vilikuwa vya aina iliyokwisha kuzizoea dawa zile, yaelekea vichache vilikuwemo tangu siku alipoambukizwa, vikaongezeka taratibu. Alikuwa akipigana na simba kwa upinde usio na uzi, na bado alilenga kila jioni. Dawa zikabadilishwa.

Mabadiliko yalianza na hamu ya kula. Kisha utando mdomoni ukaondoka. Kisha sketi zikaanza kulalamika upande wa pili. Siku moja alimsuka muuza vitenge huku wakibishana kuhusu bei ya kitenge, na walipofika mwisho wa ubishi kichwa kilikuwa tayari, na yule shoga yake akajipapasa kwa mshangao. "Hee! Umemaliza saa ngapi?"

Vidole alitazama mikono yake kama mtu aliyepokea wageni aliowakosa sana. Kisha akafanya jambo ambalo hakulipanga. Akakaa kwenye kiti kisichozunguka, akamweleza shoga yake yote: virusi, vidonge, kunyoa. Mwenzake alisikiliza mdomo wazi.

"Na mimi nikakuuliza kama kuna msiba," alisema mwishowe. "Ningekuwa wewe ningenichoma na kitana cha moto."

"Nilikifikiria," Vidole alisema, wakacheka mpaka mpita njia akachungulia.

Majibu ya damu ya dawa mpya yalisomwa na daktari mwenyewe, akiwa ameuegemea ukuta wake. "Havionekani," alisema. "Kipimo kimetafuta, hakikuona." Yakarudiwa baada ya miezi mingine, yakawa yaleyale. Fundi aliposikia mara ya pili alitoka nje ya chumba bila kuaga, akasimama uwanjani kati ya mabenchi, akajaribu kupiga kigelegele. Hakujua kukipiga. Kilitoka kama jogoo aliyekabwa, lakini wanawake waliokuwa pale walikielewa, wakakipokea, wakakirekebisha, na kliniki nzima ikalia vigelegele ambavyo nusu ya wapigaji hawakujua ni vya nini.

Baada ya hapo mshauri alimwomba Vidole aje azungumze na kundi. Halikuwa darasa la waliokosea. Lilikuwa la watu ambao vidonge vyao na damu yao havikusema lugha moja. Mshauri aliwatafuta mmoja mmoja, akawaambia jambo ambalo hakuwahi kuanza nalo miaka yote ya kazi yake: "Naanza kwa kukuamini. Kisha tutapima."

Walikuwa wachache, wamekaa wamejikunyata, nyuso za watu waliochoka kuapa. Vidole alisimama mbele yao, nywele fupi, nyeusi, hazina hata tone la rangi. Alikuwa amezipenda hivyo, na tangu azipende nusu ya wateja wake walitaka kunyolewa kama yeye. Aliwaeleza bila kuficha. Aliposema habari ya kishungi cha kisogoni, mzee mmoja dereva wa lori, mwenye upara unaong'aa kama sufuria iliyosuguliwa, aliinua mkono.

"Dada, mimi namuunga mkono huyo mtafiti wako. Lakini kwangu atachukua wapi?"

Chumba kikaangua kicheko. Mzee mwenyewe alicheka kuliko wote, akijipapasa utosi.

"Kisogoni naona vimebaki viwili vitatu," Vidole alisema akizunguka nyuma yake, akainama, akavikagua kama mtu wa kazi. "Hapa, baba. Hivi hapa vinatosha kuanzia. Usivinyoe. Na huko nyumbani, yeyote atakayekuuliza unafuga nini kisogoni, mwambie unamfuga shahidi."

Mzee alishusha mkono. Machozi yalikuwa yamemlenga. "Kwa hiyo unaniamini?"

"Nakuamini, baba," Vidole alisema.

Mshauri, aliyekuwa mlangoni, alikuwa ameshaleta mkasi wa mtafiti.